Kwenda Kufanya Kazi Katika Mji wa Watu: Mhadhara Kuhusu Battambang

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mliojaza ukumbi huu mpaka wengine mmekaa kwenye ngazi, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kusafiri, kufanya kazi na kujitolea Kusini-Mashariki mwa Asia. Eneo hilo ni pana mno kwa mchana mmoja, kwa hiyo nitabaki kwenye mji mmoja ninaoujua: Battambang, kaskazini-magharibi mwa Kambodia. Niliishi huko nikifanya kazi na wakulima wa mpunga na mboga. Nimeuchagua pia kwa sababu mikoa ile ya Kambodia ina deni na mji huu wa Morogoro, na nitalieleza deni hilo baadaye.

Battambang si Phnom Penh, mji mkuu, wala si Siem Reap, ambako watalii wanamiminika kuona mahekalu ya Angkor. Ni mji wa mkoa. Kutoka Phnom Penh unafuata Barabara ya Taifa namba 5 kwa takriban kilomita 290, ukipita mashamba ya mpunga mpaka macho yachoke. Mji umekaa pande zote mbili za mto Sangker. Katikati kuna soko la Psar Nat, lenye mnara wa saa, lililojengwa enzi za Wafaransa. Kulizunguka zimepangana nyumba za ghorofa moja na mbili: chini duka, juu familia. Aliyekulia Tanga hatajiona mgeni sana pale. Ni mji wenye historia ndefu, wenye majengo mazuri yaliyochakaa kidogo, ambao watu wake wanajuana.

Alfajiri moshi unaanza kupanda kandokando ya barabara. Watu wa kule hula wali asubuhi, wali na nyama ya nguruwe iliyochomwa kwenye makaa, au tambi za mchele zilizomwagiwa mchuzi wa samaki wenye mchaichai na manjano, pamoja na majani mabichi. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha yake ya miji ya ubunifu kwa upande wa mapishi, na kwa maoni yangu walistahili. Waislamu mliopo msiwe na hofu. Kambodia ina Waislamu wa kabila la Wacham, nao wapo hata Battambang. Ukiulizia msikiti utaonyeshwa, na jirani na msikiti hutakosa chakula cha halali.

Ukitaka kuielewa nchi ile, panda mashua kutoka Siem Reap kwenda Battambang msimu wa mvua. Utapita ziwa Tonle Sap. Kiangazi ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba 2,500 hivi. Mvua zikinyesha, mto Mekong unajaa mpaka maji yanausukuma mto Tonle Sap urudi nyuma, uingie ziwani badala ya kutoka, na ziwa linatanuka mara tano au sita ya ukubwa wake. Samaki wanaingia kuzaliana kwenye misitu iliyofunikwa na maji. Samaki hao ndio kitoweo cha nchi nzima, na wengine huchachushwa kwa chumvi kuwa prahok, kiungo kisichokosekana jikoni. Utaona vijiji vizima vinavyoelea, na watoto wakienda shule kwa mtumbwi.

Hayo ni ya safari. Sasa nije kwenye kazi na kujitolea, na hapo lazima nianzie kwenye msiba.

Aprili 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa Kikomunisti wa Kambodia, walitwaa nchi, wakawafukuza watu wote mijini, Battambang ikiwemo. Mpaka Januari 1979 walipoondolewa na jeshi la Vietnam, watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi, kazi za suluba na kuuawa. Walimu, madaktari, wasanii na watawa wa Kibudha waliandamwa, na Wacham nao waliuawa kwa wingi. Nje ya mji kuna mlima wa Phnom Sampeau. Jioni watalii huja kutazama popo wakitoka pangoni kwa mamilioni, mkanda mweusi unaovuka anga kwa muda mrefu. Katika mlima huohuo yapo mapango ambamo watu walitupwa. Ukienda kuwatazama popo, panda kwanza ukayaone mapango hayo. Ni heshima ndogo tunayoweza kuwapa waliofia pale.

Vita haikuisha mwaka 1979. Iliendelea kando ya mpaka wa Thailand hadi miaka ya 1990, na maelfu kwa maelfu walikaa makambini upande wa Thailand. Mwaka 1992 na 1993 Umoja wa Mataifa ulirudisha nyumbani zaidi ya wakimbizi 360,000. Katika kambi moja iliyoitwa Site 2, mwalimu wa sanaa kutoka Ufaransa, Véronique Decrop, aliwafundisha watoto kuchora. Vijana tisa kati ya waliopitia mafunzo yale walirudi Battambang, na mwaka 1994 wakaanzisha shule ya sanaa, Phare Ponleu Selpak. Baadaye wakaongeza sarakasi, muziki na maigizo. Tangu 2013 wasanii waliotoka kwenye shule hiyo wanaonyesha sarakasi Siem Reap kila usiku, wanalipwa mishahara, na mapato yanasaidia shule.

Naomba mwitazame kazi ile kwa makini. Mgeni alileta alichokuwa nacho, ujuzi wa kuchora na kufundisha, akakaa na wanafunzi wake mpaka ujuzi ukahamia kwao. Shule waliijenga wao, na mpaka leo ni ya kwao. Nikiombwa mfano wa kujitolea kulikozaa matunda, nautaja huo kabla ya mwingine wowote.

Mfano wa pili ndio lile deni nililolitaja. Katika vita vile kila upande ulitega mabomu ardhini, hasa katika ukanda wa mpakani: Battambang, Pailin, Banteay Meanchey, Oddar Meanchey. Tangu 1979 mabomu hayo na mengine yaliyosalia bila kulipuka yameua karibu watu 20,000 na kujeruhi zaidi ya 45,000. Mkulima analima shamba la babu yake, jembe linagusa chuma. Nimekaa na wazee waliokatwa miguu ambao bado wanapanda mpunga, na vijana wao wanaolima kwa hofu.

Ninyi mnajua panya buku. Wengi wenu mmepita mbele ya uzio wa APOPO, shirika linalowafundisha panya kunusa mabomu, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya wanazaliwa hapa na kufundishwa hapa, na Watanzania, kwa miezi tisa hivi, kutambua harufu ya TNT, kilipuzi kilichomo ndani ya mabomu, na kupewa kipande cha ndizi wakipatia. Kipimo cha chuma hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda. Panya hashughulikii chuma, ananusa baruti, na ni mwepesi kiasi kwamba hawezi kulilipua bomu kwa uzito wake. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi, wakati mtu mwenye kipimo anaweza kuchukua hadi siku nne. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Siem Reap mwaka 2016. Kwa miaka mitano aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Wanaotembea na panya hao mashambani leo ni Wakambodia wenyewe, kwa ushirikiano na kituo chao cha kitaifa cha kuondoa mabomu, CMAC.

Nasema haya kwa fahari. Kuna mkulima wa Kambodia anayelima salama kwa sababu mtu wa Morogoro aliamka asubuhi, miezi kwa miezi, kumfundisha panya. Mtu huyo huenda hajawahi kupanda ndege, na msaada wake umefika.

Sasa upande mwingine, na hapa sitapaka mafuta maneno. Kati ya 2005 na 2010 idadi ya vituo vya watoto yatima Kambodia iliongezeka kwa asilimia 75. Vita ilikuwa imekwisha zamani. Utafiti uliochapishwa 2011 kwa msaada wa UNICEF ulionyesha kwamba watoto watatu kati ya wanne katika vituo hivyo walikuwa na mzazi angalau mmoja aliye hai. Kilichoongezeka ni wageni. Watalii na wanaojitolea walitaka kuwaona yatima, kuwabeba, kuwafundisha nyimbo kwa wiki mbili na kuacha fedha. Penye fedha watoto walitafutwa. Mzazi maskini wa kijijini aliahidiwa shule na chakula, akamtoa mwanawe. Mtoto akawa anashikamana na mgeni mmoja, anaachwa, anashikamana na mwingine, anaachwa tena. Mwaka 2011 shirika la Friends-International lilianzisha kampeni ya kuwaambia wageni kwamba watoto si vivutio vya utalii, na serikali nayo ikaanza kuwarudisha watoto kwa familia zao.

Sisi tuna faida ambayo kijana wa Ulaya hana. Tumewahi kuwa upande wa pili. Arusha, Moshi, Bagamoyo, Zanzibar, Mombasa: nani hapa hajamwona mgeni wa miaka kumi na tisa akipewa darasa la watoto sitini, wakati mwalimu mwenye cheti anakaa nyumbani bila ajira? Nani hajaona ukuta wa shule ukipakwa rangi upya na kila kundi linalokuja? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi ukifika mjini kwa watu, uliza nani amepona. Kazi unayotaka kuifanya bure, je, yupo kijana wa Battambang ambaye angeifanya kwa mshahara? Kama yupo, mwachie. Kama una ujuzi ambao pale haupo, iwe uhasibu wa ushirika, matengenezo ya mashine za hospitali au uzalishaji wa mbegu, kaa muda wa kutosha kumfundisha mtu mmoja au wawili watakaobaki nao. Chini ya miezi sita sioni kama inawezekana. Muda huo wa mwanzo wenyewe unakwenda kwenye lugha.

Na lugha jifunzeni. Kikhmer, lugha ya Kambodia, hakina toni kama Kithai, na hilo ni nafuu kubwa. Mwandiko wake ni mgumu, lakini kuzungumza kunawezekana. Watu watakuuliza umri mapema, na si utovu wa adabu, wanataka kujua wakuweke wapi: aliyekuzidi unamwita bong, kaka au dada yako mkubwa, na mzee ana jina lake la heshima. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo hatapata shida. Unasalimia kwa viganja vilivyokutana kifuani, ukiviinua zaidi kwa mzee na zaidi tena kwa mtawa. Vua viatu mlangoni. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto.

Mtatazamwa, hilo nalo mlijue. Watoto watawafuata, mama wa sokoni atagusa nywele zako na kucheka kwa furaha. Mara nyingi ni udadisi mtupu, na ukijibu kwa Kikhmer utapewa kiti na chai. Lakini krimu za kujichubua zimejaa madukani kama zilivyojaa Kariakoo, na dhana kwamba mweupe ndiye bora ipo hadi kwenye ajira. Rafiki yangu Mkenya, mwenye shahada ya ualimu, aliomba kazi ya kufundisha Kiingereza. Barua zilikwenda vizuri mpaka alipotakiwa kutuma picha, kisha kimya. Aliumia, nami niliumia naye. Alipata kazi baadaye kwenye shule ya mwenyeji aliyemsikiliza akifundisha kwanza. Nawaambia ili mwende mkijua, msije mkadhani kasoro ni yenu.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Viza ya utalii si ya kazi. Kwa kazi unaingia kwa viza ya kawaida, ile ya herufi E, unaiongezea muda ukiwa ndani, na mwajiri anashughulikia kibali cha kazi. Dola ya Marekani inatumika madukani pamoja na rieli, fedha ya Kambodia, na dola moja ni kama rieli 4,000. Kuhusu njia ya nchi kavu kutoka Thailand: mgogoro wa mwaka 2025 kati ya nchi hizo mbili, uliofikia mapigano mwezi Julai, ulifunga vivuko vya mpakani, kile cha Poipet kikiwemo. Anayepanga safari apate habari mpya kabla ya kukata tiketi.

Lililobaki ndilo linaloninyima usingizi. Tangu mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu matangazo ya kazi Thailand: kuhudumia wateja, kufundisha, mshahara mnono, tiketi imelipwa. Vijana walifika Bangkok, wakapakiwa magari, wakavushwa mpaka Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti na kufungiwa kwenye majengo ambako walilazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni. Waliokataa walipigwa. Februari 2025 walipotolewa watu wengi huko Myawaddy, mji wa Myanmar ulio mpakani na Thailand, miongoni mwao walikuwemo Waethiopia, Wakenya, Waganda, Warundi na Watanzania. Majengo ya namna hiyo yapo Kambodia pia, hasa Sihanoukville na miji ya mpakani.

Kwa hiyo, tangazo likikufikia kwa WhatsApp, likaharakisha safari, likasema viza ya utalii inatosha na mkataba utausaini ukifika, usiende. Tafuta mwajiri kwa njia yako mwenyewe, zungumza na mtu anayefanya kazi hapo sasa, uliza ubalozi, mwachie ndugu yako nakala ya pasipoti na anwani kamili ya unakokwenda. Atakayekuwa na tangazo la namna hiyo kwenye simu yake sasa hivi aje tulisome pamoja baada ya maswali. Nitakaa hapa mpaka wa mwisho aondoke.

Tuanze na dada aliyenyoosha mkono pale dirishani.