"Sawa Mwalimu"

MWANAIDI: Shikamoo mwalimu.

RASHIDI: Marahaba, dada mkuu. Hujambo?

MWANAIDI: Sijambo. Msikilizaji, huyu ni mtangazaji mwenzangu, lakini alinifundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne, kwa hiyo shikamoo ipo hata mbele ya maikrofoni. Leo tunarudi Muheza, mkoani Tanga, mwaka 2020. Na mimi nina jambo la kuungama.

RASHIDI: Kuungama? Mbona hukuniambia tulipokuwa tunajiandaa?

MWANAIDI: Ningekuambia usingekuja. Anza wewe.

RASHIDI: Haya. Jumanne, 17 Machi. Jana yake alikuwa ametangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, yule wa Arusha. Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule zifungwe siku 30. Mimi mwalimu wa taaluma, asubuhi ileile nimebandika ratiba ya mitihani ukutani, gundi haijakauka. Siku 30 zikaisha, shule bado zimefungwa.

MWANAIDI: Kidato cha sita wakarudi 1 Juni, sisi wengine 29 Juni.

RASHIDI: Tukajiona tumechelewa! Kenya wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Uganda ndiyo usiseme, wapo waliorudi darasani Januari 2022.

MWANAIDI: Tuambie lile kundi lako la WhatsApp.

RASHIDI: Kwanza kichekesho. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nakagua mabweni kusaka simu. Ukikutwa nayo, mzazi anaitwa. Aprili nikaanza kuwapigia wazazi walewale nikiwabembeleza wawape watoto simu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ile uliyomnyang'anya mwaka jana bado unayo?"

MWANAIDI: (anacheka) Ukamjibu nini?

RASHIDI: Nikasema nitaangalia kabatini. Ilikuwemo, betri imevimba kama andazi. Basi, darasa lilikuwa na watu zaidi ya 90, kundini wakaingia 41. Nikapaka mlango wa stoo rangi nyeusi ukawa ubao. Natatua swali hatua kwa hatua, napiga picha, narusha. Wanajibu "Sawa mwalimu", mimi naweka tiki kwenye daftari la mahudhurio. Na wewe ulikuwa wa kwanza kila siku. Nilikusifia kwenye kikao cha walimu.

MWANAIDI: Ndipo penyewe hapo. Simu ilikuwa ya mama. Alikuwa anauza machungwa stendi, anatoka nayo alfajiri na kurudi usiku. Picha zako sikuzifungua, bando lingekata kabla ya picha ya pili. Nilimwambia mama, ukiona ujumbe wa mwalimu andika "Sawa mwalimu".

RASHIDI: Ngoja. Aliyekuwa anajibu ni mama yako?

MWANAIDI: Asubuhi ni mama. Usiku mimi.

RASHIDI: Kwa hiyo kikaoni nilimsifia mama yako!

MWANAIDI: Unakumbuka ulipoleta tangazo la msiba wa mlinzi?

RASHIDI: Mtu akajibu "Sawa mwalimu". Nikasema huyu mtoto ana nini leo?

MWANAIDI: Mama huyo.

RASHIDI: Lahaula. Na kwa nini hukusema?

MWANAIDI: Dada mkuu niseme sina simu? Tena ulikuwa umenipa kazi ya kuwafuatilia walio kimya kundini. Nikaona aibu, nikaenda kwa miguu. Wa kwanza nilimkuta juu ya mchungwa, anachuma kwa kulipwa kwa tenga. Wa pili simu anayo, ila huko njia ya Amani mtandao unashika chini ya mti mmoja tu, na chini ya mti huo wazee wanacheza bao. Redio ilikuwa na vipindi vya masomo, sawa, lakini redio haimngoji aliye shambani.

RASHIDI: Ukaniletea orodha. Hiyo bado ninayo. Umeandika jina, halafu pembeni: "kupitia dukani", "kupitia kaka yake wa bodaboda", "usipige simu, baba yake mkali". Nikaacha picha. Nikawa naandika maswali karatasi moja, mbele na nyuma, natoa kopi kwa hela yangu. Mwenye bodaboda anaziacha dukani Jumatatu, Ijumaa zinarudi. Moja ilirudi imefungiwa vitumbua, mafuta tele, lakini majibu yote sahihi.

MWANAIDI: Ya nani hiyo?

RASHIDI: Sisemi. Yuko chuo kikuu sasa, atanishtaki. Unajua, uongozi tulioujua sisi ni wa kukagua: mstari umenyooka, sare, nywele. Mwaka ule vya kukagua havikuwepo, nikajikuta sijui nifanye nini na mamlaka yangu. Orodha yako ilinifaa kuliko semina zote nilizokaa.

MWANAIDI: Lakini kuna jina moja kwenye orodha ile. Karatasi zake kuanzia Mei zilikuwa zinarudi tupu.

RASHIDI: Namkumbuka. Nilidhani uvivu.

MWANAIDI: Alikuwa mjamzito.

RASHIDI: (kimya) Nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Jitahidi".

MWANAIDI: Uliandika. Aliionyesha kwangu. Na 29 Juni mstarini hakuwepo, maana wakati ule ukipata mimba shule ya serikali ndiyo basi. Ruhusa ya kurudi ilitangazwa na Waziri Ndalichako Novemba 2021. Sisi tulikuwa tumeshafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba ya mwaka uliotangulia.

RASHIDI: Alijua kuhusu tangazo hilo?

MWANAIDI: Nilimtumia. Akajibu "Sawa dada". Nikajua hiyo ni "sawa" ya mama yangu. Nikapanda bodaboda nikaenda.

RASHIDI: Ukamkuta?

MWANAIDI: Anapepeta mchele, mtoto mgongoni. Tuliongea mpaka magharibi. Yaliyofuata ni yake, atasema mwenyewe akitaka.

RASHIDI: Basi tumwalike hapa. Na ile "Jitahidi" nataka nimwombe radhi mbele yenu.

MWANAIDI: Nimeshamwalika, tangu juzi.

RASHIDI: Anasemaje?

MWANAIDI: Anasema atakuja, ila mwalimu amtumie bando kwanza.