"Batten down": kitenzi kilichotoka sitahani

Ndugu wanafunzi, leo nina kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, batten down. Wengi tunakijua kwa kukariri: kamusi imesema ni kufunga imara, basi tunakitumia popote penye kufunga. Mtu anaandika kwamba jioni amei-batten down ofisi, na Mwingereza anayesoma anajiuliza dhoruba imetokea wapi.

Twende melini. Katika meli za mbao, mlango wa falka (chumba cha shehena chini ya sitaha), ambao Waingereza huuita hatch, ulikuwa uwazi mpana juu ya sitaha, wenye ukingo ulioinuka pande zote. Hali ya hewa ikichafuka, mabaharia walipanga mbao juu ya uwazi ule, wakatandika turubai lililopakwa lami, wakashusha pindo zake kandokando ya ukingo. Hapo ndipo batten inapoingia. Ni ufito mrefu, bapa, unaolibana pindo la turubai ukingoni. Baadaye ulipitishwa kwenye vishikio vya chuma, na kabari za mti zikagongwa kwa nyundo mpaka zikaze. Wimbi likipanda, maji yanapita juu bila kupata upenyo wa kuingia kwenye shehena.

William Falconer, baharia na mshairi wa Uskoti, aliueleza ufito huo katika kamusi yake ya ubaharia iliyotolewa London mwaka 1769. Mwaka uleule alisafiri na manowari Aurora kuelekea India. Iliondoka Cape Town mwezi Desemba, isionekane tena. Nawatajia habari hii kwa makusudi: msamiati huu ni wa watu walioishi na kifo baharini.

Ndiyo maana batten down haimfai mwenye duka anayefunga kwenda kulala. Inamfaa mkazi wa Florida anayepigilia mbao madirishani kimbunga kikikaribia. Inaifaa pia kampuni inayobana matumizi kwa kuwa imeona mwaka mgumu unakuja. Lazima pawe na hatari iliyo njiani.

Kisarufi hakina tabu. Utasema batten down the hatches au batten the hatches down. Lakini ukiweka kiwakilishi, ni batten them down, kiwakilishi katikati, hakuna njia nyingine.

Jihadharini na batten on. Hiyo ni kunenepa kwa jasho la mwenzako, na Shakespeare aliitumia batten hiyo ya kunenepa katika Hamlet. Asili yake ni lugha ya watu wa Skandinavia, ilhali ufito wetu umetokana na Kifaransa bâton, yaani fimbo. Maneno hayo mawili hayana udugu wowote.