Usinunue Pistoni Kabla Hujafungua Eya Kilina

Shikamooni wazee. Vijana, habari za mchana. Mama zangu mliokuja moja kwa moja kutoka shambani, poleni na jua.

Nimeombwa nizungumzie kufufua pawatila, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mishikio, kwa kazi za nyumbani. Walionisikia huko nyuma wanalijua lile langu, usinunue kitu kabla hujajua kilichoiua mashine, na pale kona naona watu wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaacha kulisema siku nitakayopita kwenye vihamba vyenu, mashamba ya nyumbani huku mlimani, nisikute pawatila imelala chini ya migomba, kuku wanatagia kwenye sanduku la vifaa.

Zilikotoka hakuna haja ya kueleza. Kilimo Kwanza, ile kampeni ya serikali ya kuinua kilimo, mwaka 2009, halmashauri, vikundi, michango, mnayajua. Nyingine zilifanya kazi, nyingine zilikufa mapema, kikundi kikagombana, mashine ikabaki kwa mwenye uwanja mkubwa. Leo huyo mwenye uwanja anapigiwa simu na mtu wa mizani, "mzee, lile dude lako la skrepa bado lipo?" Na anauza! Injini, gia boksi, klachi, matairi, vyote vinapandishwa kwenye mzani kwa kilo. Jioni mzee huyohuyo anakodi guta kubebesha samadi.

Sasa kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini pawatila zenyewe hazikufaa." Hazikufaa wapi? Mashine ile ilitengenezwa kwa majaruba ya mpunga, ardhi imelowa, tope limelainika. Uzito wake haufiki nusu tani. Ukiipeleka kwenye udongo mkavu uliokaza, wenye visiki, majembe hayaingii, mashine inarukaruka na aliyeshika mishikio anarukaruka nayo. Muulizeni mkulima wa mpunga wa Chekereni au wa Mbarali, atakupa habari tofauti kabisa. Na kupeleka mashine pasipo pake hatukuanza sisi. Mwaka 1947 Waingereza walikwenda Kongwa, kule Dodoma, kulima karanga, wakachukua hata vifaru vya vita, vile vya Sherman, wakavigeuza trekta na kuziita Shervick. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Kongwa imemshinda mtu aliyekuja na vifaru, wewe unailaumu pawatila!

Halafu leo siongelei kulima ekari. Naongelea kazi za nyumbani: kupandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, ambayo mama zetu wameyabeba kichwani miaka yote. Kusomba samadi, kuni, madumu ya maji. Na msisahau kwamba ile ni injini yenye puli. Ukivua mikanda inayokwenda kwenye klachi, ukafunga mkanda unaokwenda kwenye pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi, umepata mtambo mwingine hapohapo uwanjani. Kwa kazi za namna hiyo pawatila iliyochoka nusu bado inatosha.

Haya, tuje kwenye lile langu.

Mtu akitaka kufufua pawatila, cha kwanza anachofanya ni kununua. Ananunua pistoni, kile kipande kinachokwenda na kurudi ndani ya silinda, na ringi zinazokizunguka, ananunua betri hata kama mashine ni ya hendeli, ya kuwashwa kwa kuzungusha mkono. Wapo wanaoanza na rangi, na hao sina la kuwaambia. Mimi nasema hivi: kabla hujatoa shilingi, jua kwanza kilichoiua. Mashine haifi kwa uzee. Kuna kitu kiliiua, na kama kitu hicho bado kipo, hiyo pistoni yako mpya unaipeleka machinjioni.

Kuna mzee mmoja upande wa Kahe, jina lake tuliache. Pawatila yake ilikuwa haiwaki asubuhi mpaka vijana wapokezane hendeli, na ikiwaka inatoa moshi wa bluu. Fundi akasema ringi, ringi zikabadilishwa, ikawaka vizuri. Msimu haukuisha, moshi umerudi. Fundi mwingine akasema yule wa kwanza hajui kazi, hapa ni pistoni na slivu pia, yaani ukuta wa silinda. Mzee akauza ndama. Zikafungwa pistoni, ringi na slivu, vyote vipya. Msimu uliofuata, moshi. Fundi wa tatu akaja na hukumu kwamba injini imekwisha, inunuliwe nyingine nzima. Ndipo nikaitwa, nadhani ili niridhie kuuzwa kwa mama wa yule ndama.

Sikuomba spana. Niliangalia tu ule mpira unaotoka kwenye eya kilina, yaani chujio la hewa, kuingia kwenye kichwa cha injini. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo huoni mpaka uiname, na mtu alikuwa ameuzungushia kipande cha kitenge akafunga kwa tyubu ya baiskeli. Klipu hakuna. Nikaingiza kidole kwenye tundu la hewa, kikatoka chekundu. Nikafungua bakuli la chini la eya kilina, lile linalotakiwa kuwa na oili mpaka kwenye alama. Oili hakuna. Kulikuwa na tope lililokauka likapasuka nyufa, na pembeni dondola amejenga kiota chake, kizuri kabisa.

Kwa hiyo injini ile ilikuwa inapumua vumbi la Kahe moja kwa moja, misimu yote. Vumbi lina chembe za mchanga. Likiingia kwenye silinda linashikana na oili iliyo ukutani, na kila pistoni inapokwenda na kurudi linakwangua ringi na slivu. Slivu ikiliwa, mgandamizo unapungua, dizeli haipati joto la kuiwasha, ndiyo maana hendeli inazungushwa mpaka vijana wanatukana. Oili nayo inapita kwenye ringi inaungua, ndiyo moshi wa bluu. Mafundi watatu, ndama mmoja, na ugonjwa ulikuwa mpira wa kuingizia hewa ambao bei yake haifiki bei ya kuku.

Mtasema wale mafundi ni wezi. Hapana, mimi nitawatetea. Fundi akiosha bakuli la eya kilina kwa mafuta ya taa, akaweka oili safi, akabana klipu, halafu akakudai elfu kumi, utamwita mwizi mbele ya watoto wake. Akifungua injini nzima, akamwaga boliti kwenye gunia, akakudai laki mbili, unampelekea na chakula. Sisi wenyewe ndio tunaolipia kelele za spana. Fundi naye ana ada ya shule ya kulipa.

Utajuaje kama vumbi limeshakula? Injini hizi silinda imelala, kichwa kinatazama mbele, kukivua si kazi kubwa. Ukishakivua, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, pale ringi ya juu inapofikia mwisho wa safari yake. Ukucha ukipita laini, funga kichwa kwa gasketi mpya, ushukuru Mungu. Ukikwama kwenye kijingazi, slivu imeliwa, hapo ndipo nakuruhusu ununue. Lakini mpira na klipu vinatangulia! Na ukianza kuitumia, mahali pa vumbi bakuli lifunguliwe kila siku ya kazi. Oili ikishakuwa nzito kwa uchafu, mwaga, osha na ule wavu wa ndani, weka nyingine. Kama yako ni ya chujio la karatasi, usilioshe, kung'uta, na likichoka badilisha.

"Spea hazipatikani." Nilijua itakuja. Umetafuta wapi? Soma kibati kwenye injini. Kama kimeandikwa S195, hiyo ni injini ya Kichina ya nguvu farasi 12, na ndugu zake wamejaa nchi nzima wakiendesha mashine za kusaga na kukoboa. Usiende duka la trekta, nenda kwa wanaouza spea za mashine za kusaga. Na ile namba inakusaidia: S195 pistoni yake ina kipenyo cha milimita 95, R175 ni 75, ZS1115 ni 115. Muuzaji akikuletea ya 100 kwa S195 akasema "itaingia tu", mwache nayo. Kama ni Kubota au Mjapani mwingine, vua kitu cha zamani uende nacho mkononi, usimtume mtoto kwa maneno.

Sasa maji, maana hili nalo limeua nyingi. Zipo injini zenye pipa la maji juu, hazina rejeta. Kwenye hizo, maji kuchemka si ugonjwa! Zimeundwa hivyo, maji yanachemka, mvuke unatoka, joto linaondoka nao. Nimeona mtu anazima injini kila maji yakichemka, na nimeona mwingine, huyu ndiye hatari, akimwaga maji ya baridi ya mfereji kwenye pipa lililokauka injini ikiwa ya moto. Kichwa kikapasuka. Kuna kijiti chenye kichwa chekundu kinachoelea juu ya pipa. Kikishuka mpaka mdomoni, ongeza maji, mapema, kidogo kidogo. Kama kijiti kimekatika, kitengeneze kabla ya rangi.

Mafuta. Tangi lililokaa miaka lina maji na kutu, usijaribu kuwasha nalo. Limwage, lioshe, badilisha chujio la dizeli. Kisha toa upepo: legeza nati pale dizeli inapoingia kwenye pampu, acha ichuruzike mpaka mapovu yaishe, kaza. Legeza nati ya bomba la nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, zungusha hendeli mpaka dizeli iruke bila povu, kaza. Halafu zungusha tena polepole huku umeinua ile lever ya kuachia mgandamizo, na utege sikio kwenye nozeli. Inatakiwa ilie, "nyek", kila pampu inaposukuma. Ikilia, dizeli inaingia kwa shinikizo. Isipolia, usiendelee kutesa vijana, shida iko kwenye pampu au nozeli, vipeleke vikapimwe. Na anayeshika hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini. Injini ikirudisha teke, dole gumba lililozunguka linavunjika.

Iliyoshika kabisa, hata hendeli haisogei? Usifunge bomba refu ukaning'iniza watu watatu. Vua kichwa, lowanisha ukingo wa pistoni kwa mafuta membamba kila jioni, sukuma flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, kidogo mbele, kidogo nyuma. Uvumilivu tu.

Muda unakwenda. Gia boksi: fungua boliti ya chini, angalia oili. Ikiwa imegeuka chai ya maziwa, maji ya jaruba yameingia kupitia sili za ekseli. Badilisha sili kwanza ndiyo uweke oili mpya, si kinyume. Mikanda: ibadilishwe yote kwa pamoja. Mpya ikikaa na iliyovutika, mzigo wote unabebwa na ile mpya peke yake, itakatika upesi, halafu utasema Mchina amekuibia.

Nilitaka kuongelea mwanya wa valvu, sitauwahi. Kwa S195, injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza hewa milimita 0.35, ya kutoa moshi 0.45. Andikeni hiyo. Nyingine fuateni kitabu chake.

Hili la mwisho sitaliruka hata mwenyekiti akinivuta koti, kwa sababu wengi wenu mnakaa mlimani. Pawatila haina usukani, ina vishikizo viwili vya kukatia nguvu. Kwenye tambarare ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, mashine inageuka kushoto. Mnajua. Lakini ukiwa unashuka mteremko wenye mzigo, injini ndiyo inayoyazuia magurudumu yasikimbie. Ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto limeachiwa, linakimbia, na mashine inageukia kulia! Kinyume! Mtu aliyejifunzia jarubani anashuka na trela la majani, anaona korongo kulia, anabana kushoto ili alikwepe, na mashine inampeleka korongoni. Kwa hiyo mnaposhuka, gia ndogo tangu juu, usibadilishe gia katikati ya mteremko, usikanyage wala kuvuta klachi, na vishikizo visiguswe. Mashine igeuzwe kwa kusukuma mishikio kwa nguvu ya mikono. Anayejifunza asianze na kihamba, ashuke kwanza tambarare.

Na rivasi, majembe ya kutifulia yasizunguke. Kata nguvu yake kwanza. Ukirudi nyuma yakiwa yanazunguka, ukajikwaa, yanakufuata miguuni. Watoto wasisogee kabisa.

Breki za trela tuziache, naona saa inanyooshewa kidole. Maswali. Tuanze na yule mama mwenye kilemba cha kijani, amenyoosha mkono tangu kwenye habari za ndama. Na anayetaka kuniuliza skrepa leo ni shilingi ngapi kwa kilo, abaki amekaa.