Kumtoa Mtoto Pampasi Kabla Mdogo Wake Hajazaliwa (Angalieni Hapo Kwenye Kusimama!)

Haya, mambo zenu mama zangu, na mababa mnaochungulia kwenye simu za wake zenu, karibuni. Kama ni mara yako ya kwanza hapa, mimi nauza poti, chupi za watoto na mipira ya kitandani, niko hapa hapa Dar es Salaam, na kama mnavyoona tumbo limeshatangulia mbele ya kamera. Wiki ya 27. Wa tatu huyu.

Kabla sijaanza, mtanisikia leo naita Babu, Babu. Babu si baba mkwe wangu jamani. Ni huyu mwanangu wa pili, ana miaka 2 na miezi 4, karithi jina la babu yake, na mimi jina la mkwe wangu silitaji hovyo. Kwa hiyo nikisema Babu kajikojolea, mzee wa watu hahusiki. Naliweka wazi mapema kwa sababu video iliyopita wifi alinipigia simu.

Sasa. Swali ninaloulizwa sana ni lini. Mama kijacho anafika hapa dukani, tumbo liko mdomoni, anataka poti, anasema mdogo wake anakuja mwezi ujao nataka huyu awe ameacha pampasi. Mimi nauza poti, nilitakiwa nifurahi. Lakini nakwambia ukweli: mwezi ujao umechelewa. Wa kwanza nilimwanza nikiwa wiki ya 37. Kila mtu alikuwa ananiambia pampasi za watoto 2 utaziweza wapi, nikaingiwa na hofu ya hela. Wiki 2 mbele nimejifungua, nimerudi na mtoto, yule mkubwa akagoma kabisa. Poti haitaki, pampasi hataki, pupu akaibana siku 4. Tukaishia kituo cha afya, mimi na mshono wangu, mtoto mchanga mgongoni kwa dada, mkubwa analia. Sitaki hata kukumbuka.

Kwa hiyo kama mimba iko mwezi wa 4, wa 5, mwanzoni mwa wa 6, na mtoto ameonyesha dalili, anza. Kama uko wiki ya 35, funga hii video kalale. Utaanza mdogo akishatimiza miezi 2 au 3, nyumba ikishatulia. Poti nitakuwekea.

Dalili zenyewe hazina mambo mengi. Anakaa mkavu kama masaa 2 mchana. Anajua kinachokuja, yaani unamwona anaenda nyuma ya kochi, anakunja uso, anakutazama kwa macho ya mwizi. Bukta ya lastiki anaishusha mwenyewe. Ukimwambia lete ndala, analeta ndala. Wengi hayo huja kati ya miezi 18 na miaka 2 na nusu. Wa jirani kama ameanza na miezi 14, mpongeze, rudi ndani.

Poti. Hii hapa. Naipenda hii ya kawaida, plastiki nzito, chini pana, na hapa mbele ina kinga imeinuka, mnaiona? Hiyo kinga ni ya wanaume. Mtoto wa kiume akikaa, unamwambia dudu liangalie chini, la sivyo kojo linatoka hivi, linavuka, linakupata wewe uliyechuchumaa mbele yake unamshangilia. Kuna za kupiga muziki, ninazo pia, elfu 25. Siuzi kwa moyo mmoja. Betri ikiisha mtoto anasema poti imekufa.

Na msianze na choo chenyewe, hasa kama ni cha shimo. Lile tundu ukilitazama kwa kimo chake, hata mimi ningekimbia.

Bibi zetu, hawa walikuwa hawana poti. Alikuwa anakaa chini, ananyoosha miguu, mtoto anamkalisha hapa juu ya nyayo zake mbili, anampigia psssss mpaka anakojoa. Mimi nimelelewa hivyo. Ule mlio bado unafanya kazi, utumieni. Ila mwenye mimba ya wiki 27 akikaa chini hivyo, nani atamnyanyua?

Haya, siku ya kwanza. Chagua siku huna safari, huna mgeni. Asubuhi akiamka tu, toa pampasi, kaa naye kwenye poti. Bukta ya lastiki, chupi, basi. Ovaroli na vifungo weka kabatini. Anywe uji, anywe maji. Dakika 20 hivi, nusu saa baada ya kula, mkalishe tena, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao unaamka, ndiyo maana wengi pupu yao ni baada ya uji. Halafu kila baada ya saa na nusu hivi, unamkumbusha. Hatoi kitu ndani ya dakika 3, 5, mwache aende. Usimfunge pale kama yuko polisi.

Neno. Nimesahau neno! Kabla ya yote kubalianeni neno moja. Hapa kwangu nilikuwa nasema kojo, dada anasema su-su, baba yake anasema haja ndogo kama yuko mahakamani. Mtoto amesimama katikati anatutazama, maji yanatiririka. Tukakubaliana kojo na pupu, nyumba nzima, mpaka bibi yake tulimwambia.

Sasa sogeeni. Hapa ndipo pa kuangalia. Kaka, sogeza simu, isiegemee sufuria, itateleza. Hapo. Sitamwonyesha mtoto, mtoto haonyeshwi uchi mtandaoni, namtumia huyu mwanasesere. Mtoto amekaa, amemaliza, amefurahi, umempigia makofi. Dar na joto lake, makalio yana jasho, plastiki imeganda kwenye ngozi. Anaruka juu. Poti inaondoka naye! Inabanduka ikiwa hewani, hivi, paaa. Na kilichomo kiko wapi?

Mimi kilikuwa kwenye kapeti la mama mkwe. Idi. Wageni wamejaa, sahani za pilau ziko chini. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo kabla hajasimama, mguu wako juu ya ukingo wa poti. Mguu! Hapa pembeni, kidole gumba kikanyage huu mdomo wa chini. Mkono mmoja unamshika kwapani, unamwinua taratibu, mguu haujatoka. Narudia. Mguu kwanza, ndipo makofi. Msimpigie makofi akiwa bado amekaa, makofi ndiyo yanayomrusha. Dada wa kazi mwambieni, bibi mwambieni, baba mwambieni mara 2. Wakati wa joto kali mimi hupangusa ukingo kwa kitambaa chenye maji, unakuwa hauna...

Babu? Babu yuko wapi? Kaka, si nilisema umwangalie? Simu usiizime, igeuze tu... Nyuma ya mlango. Hee. Mnaona wenyewe. Hajasema hata neno.

Haya, kwa kuwa imetokea, acha niwaonyeshe. Sipigi kelele. “Babu, kojo limeenda wapi? Limeenda chini. Kojo linakaa kwenye poti.” Basi. Analeta tambara mwenyewe, tunafuta wote. Si adhabu hiyo, anapenda, ona anavyosugua. Anasugua ukuta sasa, lakini sawa. Nilimkosea mimi, nilikaa naongea na nyinyi, saa na nusu imepita. Bukta ibadilishwe, tunaendelea. Nasikia kuna watu wanamaliza kwa siku 3. Mimi Babu niko naye wiki ya 4, mchana yuko vizuri isipokuwa nikiwa na kamera.

Umwagaji. Pupu inaenda chooni. Si nyuma ya nyumba, si kwenye mtaro. Kuna watu bado wanasema ya mtoto haina uchafu, anakunywa maziwa tu. Inaleta kuharisha na kipindupindu kama ya mtu mzima. Tangazo la Nyumba ni Choo, lile la kila nyumba iwe na choo bora, mmelisikia wote, na huyu mfupi ni mtu wa nyumba. Maji ya kusuuzia poti nayo chooni, halafu sabuni, mikono yako na yake. Mtoto wa kike unamfuta kutoka mbele kwenda nyuma, siku zote, na unamfundisha hivyo hivyo, la sivyo uchafu wa nyuma unaingia kwenye njia ya mkojo.

Wakati wa kumwaga, mwende wote. Yule wa kwanza nilimwaga bila kumwambia, alilia kama nimemwibia. Kwake ni kitu chake, amekitengeneza. Sasa hivi tunasema kwaheri pupu. Ndiyo, mimi mtu mzima, mlangoni pa choo, nampungia mkono.

Pupu ikiwa ngumu, simamisha mafunzo. Mtoto akiumia mara moja anaanza kuibana, akibana inazidi kuwa ngumu, mnazunguka humo humo. Papai, chungwa, mboga za majani, maji. Na ile ya zamani ya kumwekea kipande cha sabuni huko nyuma, acheni jamani. Zikipita siku analia au unaona damu, kituo cha afya.

Usiku ni habari nyingine. Wala usihangaike nao sasa. Wengine hufika miaka 5 bado wanalowesha, ni mwili haujakomaa, si ujeuri. Akojoe kabla ya kulala, mpira huu chini ya shuka, ninao wa futi 3 na nusu na wa futi 4. Ukitaka kumvalisha pampasi usiku, mvalishe. Hakuna anayekusimamia.

Na sasa hili la mdogo wake, naomba mnisikilize, hata kama hamtanunua kitu. Usimwambie “acha pampasi, mtoto anakuja.” Mimi nilisema hivyo kwa wa kwanza kila siku, nikiona namtia moyo. “Pampasi ni za mtoto, wewe mkubwa sasa.” Kichwani kwake kuna mtu asiyemjua, anakuja kuchukua pampasi zake. Keshokutwa ataambiwa ahame na kitanda. Ungempenda mtu huyo? Kwa Babu sijasema. Poti ni poti, tumbo ni tumbo. Tumbo tunalisalimia asubuhi, halafu tunaenda kwenye poti, na hizo ni habari mbili. Kitanda pia, kama utamhamisha, usimhamishe wiki moja na poti.

Mdogo akizaliwa, huyu atarudi nyuma. Jiandae. Atakojoa kochini akikutazama. Atataka pampasi, na mmoja wangu alitaka hadi kubebwa mgongoni na kufungwa kanga. Usimwambie unanitia aibu. Mvalishe bukta kavu, maisha yaendelee, wiki chache zitapita. Na mtego mkubwa ni wakati wa kunyonyesha. Umekaa, titi limeshika, huwezi kuinuka, naye anajua huwezi. Hapo ndipo kojo linapokuja. Kwa hiyo poti iwe pale pale unaponyonyeshea, na kabla hujakaa na mchanga, mkalishe mkubwa kwanza. Miguu yako iko huru, si ndiyo? Mguu mmoja unakanyaga poti huku unanyonyesha. Nimefanya.

Bei: hii ya kawaida elfu 8, yenye mfuniko elfu 12, chupi pakiti ya 5 elfu 10. Nitumie ujumbe, bodaboda analeta. Usiniulize rangi, nina bluu na pinki, na wa kiume akitaka pinki mpe, anakojoa vile vile.

Nini Babu? Kojo? Umesema kojo! Kaka umesikia? Amesema mwenyewe! Haya kimbia, kimbia, poti hiyo. Kaka, shusha kamera, iishie magotini. Dudu chini. Psssss... Mnasikia? Mnasikia hiyo? Sina la kuongeza... Babu ngoja, usisimame, mama tumbo, ngoja mama aje... usipige makofi wewe Kaka! Mguu! Weka wako, weka wako, ndala haidhuru, kanyaga!

Haya. Haijamwagika. Zima sasa, tukaimwage.