Gogo la Chifu

BAKARI: Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia namna ya kumtenga mnyama mpya kabla hajachanganywa na wenzake. Mambo matano, nimeyaandika hapa. Lakini Rehema kaingia na macho mekundu, tumsikilize kwanza.

REHEMA: Tangu Jumapili sijalala vizuri, kaka. Chifu ana utitiri.

BAKARI: Chifu wetu?

REHEMA: Huyo huyo. Wiki nzima alikuwa anashinda kwenye bakuli la maji. Mjusi wa nchi kavu, maji hajawahi kuyapenda, nami nikadhani anajipooza tu. Hilo linaniuma mpaka sasa. Jumapili usiku nikampangusa shingo kwa tishu nyeupe iliyolowa, nikaona vitone vyeusi vinatembea. Nikabinya kimoja, kikaacha doa jekundu. Ile ni damu ya Chifu.

BAKARI: Pole sana, dada. Utitiri ulikuwa wapi zaidi?

REHEMA: Kwenye kope, kwenye matundu ya masikio, makwapani. Popote ngozi ilipo laini.

BAKARI: Ukafanyaje?

REHEMA: Nikamwogesha maji ya vuguvugu, yakiishia mabegani, na sikubanduka pale hata dakika moja. Mwingi ukafa maji. Uliokimbilia kichwani nikaupangusa mmoja mmoja. Asubuhi kwa daktari wa wanyama. Alimpima uzito kwanza, ndipo akatoa dawa. Maana kuna mtu alishaniletea ivermektini, dawa ya kuua vimelea, iliyobaki kwa mifugo yake.

BAKARI: Hapo hapo! Wenye kobe, nisikilizeni. Ivermektini inaua kobe. Chupa isikae hata karibu naye. Na mjusi akipewa dozi ya kukisia anaweza kupooza.

REHEMA: Sikuigusa. Nikageukia tangi lake la kioo. Mchanga wote nikautia mfukoni, nikaufunga, nikautupa. Kioo nikakisugua kwa maji ya moto, hasa pembeni kwenye silikoni, ile gundi inayounga vioo, ndiko utitiri unakopenda kujibanza. Sasa Chifu analala juu ya tishu tupu. Kitone kikidondoka, nakiona.

BAKARI: Umefanya vizuri. Na gogo lake la mle tangini?

REHEMA: Gogo lipo.

BAKARI: Rehema.

REHEMA: Lipo, Bakari.

BAKARI: Wasikilizaji wanalijua gogo hilo, lina nyufa kama kisigino cha mkulima. Jike la utitiri likishashiba damu linamshuka mjusi, linatafuta ufa wenye giza na unyevu, linataga humo. Unaouona kwa Chifu ni sehemu ndogo tu. Uliobaki uko gogoni.

REHEMA: Uko, sikatai. Ndiyo maana naliingiza kwenye oveni. Utitiri hauvumilii joto la digrii 50. Mimi nitaweka 100, saa mbili, niko mbele yake.

BAKARI: Oveni inakuwa 100. Katikati ya gogo nene je? Mti haupitishi joto upesi. Nje utakauka, ndani yai linasubiri.

REHEMA: Yai la utitiri haliko kwenye kiini cha mti, liko ufani, na hewa ya moto inaingia ufani.

BAKARI: Ufa wa nusu kidole, sawa. Ule unaopita upande wa pili?

REHEMA: Nitakaa saa tatu basi.

BAKARI: Uunguze nyumba kwa ajili ya gogo?

REHEMA: Chifu alikuja kwangu mdogo kama kidole changu. Alijificha siku nne, hali kitu. Siku ya tano alipanda juu ya gogo lile akala panzi wake wa kwanza. Mpaka leo akiogopa anakimbilia hapo. Sasa anaumwa, amenyang'anywa mchanga, anaogeshwa kila siku. Nimwondolee na hilo?

BAKARI: Nakuelewa. Lakini anayenyonywa damu ni yeye. Kwenye joto la tangi, yai linakuwa utitiri mzima ndani ya wiki mbili hivi. Ukibakiza jike moja tu, mwezi ujao tuko hapa hapa. Mpe gogo jipya.

REHEMA: Jipya nalo litatoka dukani na utitiri wake. Nalo utaniambia nilioke.

BAKARI: Jipya lioke, ndiyo!

REHEMA: Kwa hiyo oveni inafanya kazi.

BAKARI: Kwa gogo ambalo halijawahi kuwa na utitiri, kama tahadhari. Hili lina ukoo mzima ndani.

REHEMA: Joto haliulizi ukoo.

BAKARI: Sikubali.

REHEMA: Nami silitupi.

BAKARI: Naona mkono kule dirishani, tumebakiwa na dakika moja. Mambo matano hayasomeki tena. Basi hili tu: mnyama mpya akae chumba chake peke yake, siku 30 zikipungua ni chache, na umhudumie wa mwisho kila siku, kisha unawe mpaka viwikoni. Mengine…

REHEMA: Wiki ijayo.

BAKARI: Ulibadilisha nguo kabla ya kuja?

REHEMA: Nilibadilisha, kaka. Na dawa ya Chifu narudia baada ya wiki mbili, kwa utitiri uliokuwa bado mayai wakati wa dozi ya kwanza.

BAKARI: Na gogo sasa hivi liko wapi?

REHEMA: Kwenye mfuko. Nimeufunga mara mbili.

BAKARI: Mfuko uko wapi, Rehema?

REHEMA: Kwenye gari.

BAKARI: Gari tunalorudi nalo?