Rais Aliyerudi Kuwa Mbunge: Mhadhara Kuhusu John Quincy Adams

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote. Naona viti vya mbele mmeviacha wazi kama ilivyo desturi yetu, basi atakayechelewa atakaa nami pua kwa pua.

Nimeombwa nizungumzie mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Marekani, na najua wengi mmekuja mkimtarajia Washington au Jefferson. Hao sura zao ziko kwenye noti za dola, hawana shida ya kukumbukwa. Mimi nimekuja na John Quincy Adams, rais wa 6, ambaye hata kwao wengi humruka. Alitawala miaka 4 tu, 1825 hadi 1829, na utawala wenyewe haukufana. Akashindwa uchaguzi. Miaka miwili baadaye watu wa kwao wakamchagua kuwa mbunge, akakubali, akakaa kwenye kiti hicho karibu miaka 17 mpaka roho ilipomtoka. Ndiye rais pekee wa nchi ile aliyetoka Ikulu akaingia Baraza la Wawakilishi. Sisi wa Unguja jina la baraza hilo tunalijua, kwa hiyo sitalieleza. Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba mtu huyu aliifanya kazi yake kubwa akiwa ameshashuka.

Utoto wake niupitie upesi. Alizaliwa tarehe 11 Julai 1767, Braintree, jimbo la Massachusetts. Baba yake, John Adams, alikuja kuwa rais wa 2. Mwaka 1775, mtoto akiwa na umri wa miaka 7, mama yake Abigail alimshika mkono wakapanda kilima karibu na nyumbani, wakatazama kwa mbali vita vya Bunker Hill, vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, na moshi wa mji wa Charlestown ukiungua. Akiwa na miaka 10 akavuka bahari na baba yake kwenda Ufaransa. Akiwa na miaka 14 alikuwa St. Petersburg, katibu na mkalimani wa mjumbe wa Marekani, kwa sababu mjumbe mwenyewe Kifaransa kilikuwa kikimpiga chenga. Baadaye akawa balozi Uholanzi, Prussia, Urusi na Uingereza, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 8. Mwaka 1819 aliibana Hispania mpaka ikaiachia Florida, na lile tangazo la 1823 linalojulikana kwa jina la Rais Monroe, la kuwaambia Wazungu wa Ulaya wasije tena kuanzisha makoloni katika bara la Amerika, mawazo yake mengi yalitoka kwa Adams. Na kila siku aliandika shajara. Aliianza mwaka 1779, akaendelea karibu mpaka kufa. Majuzuu 51, zaidi ya kurasa 14,000. Mimi shajara yangu ndefu kuliko zote ilifika tarehe 9 Januari.

Urais aliupata kwa njia iliyomtia doa. Uchaguzi wa 1824 hakuna aliyefikisha kura zilizotakiwa za wajumbe wanaomchagua rais: Andrew Jackson alipata 99, Adams 84, Crawford 41, Henry Clay 37. Kwa katiba yao uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, na Spika wa baraza hilo alikuwa Clay yuleyule. Clay akamuunga mkono Adams, Adams akashinda, kisha Clay akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mambo hayo hayakumhitaji mtu msomi ayafafanue. Wafuasi wa Jackson wakapiga kelele ya “biashara chafu” kwa miaka 4 mfululizo, na mengi aliyopeleka Adams bungeni, kama chuo kikuu cha taifa na kituo cha kutazamia nyota, yakakwama au yakachekwa. Hakuwa na ulimi wa kubembeleza. Alfajiri alikuwa akienda kuogelea mto Potomac, uchi kabisa, akiwa rais. Siku moja mwaka 1825 mtumbwi aliokuwa ndani yake na mtumishi wake ulizama, akapona kwa shida, nguo nyingine zikaenda na maji, ikabidi akae ukingoni akisubiri mtumishi alete gari la farasi. Hebu fikirieni kikosi cha ulinzi cha leo kinaandika ripoti hiyo.

Mwaka 1828 Jackson akamwangusha. Mwaka uliofuata mwanawe mkubwa, George, alianguka kutoka kwenye meli ya moshi akafa maji. Hapo ndipo majirani walipomwendea na habari ya ubunge. Walihofia ataona ni kudharauliwa. Akawajibu kwamba hakuna mtu anayeshuka hadhi kwa kuwatumikia watu, hata akichaguliwa kuwa diwani wa mji wake.

Sasa tuingie barazani. Katika miaka ya 1830 wananchi wa majimbo ya kaskazini, wanawake wengi miongoni mwao, walikuwa wakileta maelfu ya hati za maombi kutaka utumwa ukomeshwe katika mji mkuu. Wabunge wa kusini hawakutaka hata zisomwe. Mwezi Mei 1836 wakapitisha kanuni kwamba hati yoyote inayogusa utumwa iwekwe kando bila kusomwa, bila kuchapishwa, bila kujadiliwa. Watu wakaiita kanuni ya kuziba midomo. Adams alisimama kusema kwamba inavunja katiba, haki za wapiga kura wake na kanuni za baraza lenyewe.

Na hapa niwe mkweli, maana tukipenda mtu huwa tunampaka mafuta. Adams hakuwa mwanaharakati wa kukomesha utumwa. Mwaka 1820 aliandika katika shajara kwamba utumwa ni doa kubwa na chafu la nchi yake, lakini akaliacha humohumo kwenye shajara. Akiwa balozi na waziri aliidai Uingereza fidia kwa ajili ya mabwana ambao watumwa wao walichukuliwa na jeshi la Waingereza wakati wa vita vya 1812 kati ya nchi hizo mbili. Waingereza walipoomba ruhusa ya kupekua meli zinazoshukiwa kubeba watumwa, alikataa. Akamwambia balozi wao kwamba liko jambo baya kuliko biashara hiyo, nalo ni kuwaruhusu maofisa wa kigeni wapekue meli za Marekani. Kwa hiyo mzee tunayemwona miaka ya 1830 alikuwa na deni. Sidhani kama yeye mwenyewe angekubali neno hilo, lakini mimi namsoma hivyo.

Silaha yake ilikuwa kanuni za baraza. Alizijua kama fundi saa anavyojua magurudumu. Tarehe 6 Februari 1837 alisimama akamuuliza Spika, James Polk: ninayo hapa karatasi ya watu 22 wanaojitaja kuwa ni watumwa, je, inaangukia chini ya kanuni ile? Ukumbi ukalipuka. Mtumwa aandike hati bungeni! Mmoja anataka karatasi ichomwe moto, mwingine anataka Adams afukuzwe, maazimio ya kumkaripia yakaletwa. Mzee akawaacha wachemke. Kisha akawaeleza kwa utaratibu kwamba, kwanza, hajaiwasilisha hati, ameuliza swali tu. Na pili, wangeisoma wangeona kwamba inaomba utumwa USIKOMESHWE. Wakabaki wameshika midomo. Na katika siku zote walizomjadili yeye, walikuwa wanajadili utumwa, jambo walilolipigia kura lisijadiliwe.

Mwaka 1842 walijaribu tena. Alileta hati ya watu 46 wa mji wa Haverhill waliotaka muungano wa majimbo uvunjwe kwa amani. Yeye hakukubaliana nao, alitaka tu wajibiwe kwa nini wamekosea. Wapinzani wakaona wamemnasa, wakaleta hoja ya kumlaani. Ana miaka 74, mikono inatetemeka, macho yanatoa machozi yenyewe. Akamwomba karani asome kwanza Tangazo la Uhuru la 1776, pale panaposema watu wana haki ya kuibadilisha au kuiondoa serikali inayowaonea. Akajitetea siku baada ya siku, kama majuma mawili, mpaka wenyewe wakachoka. Tarehe 7 Februari hoja ikawekwa kando kwa kura 106 dhidi ya 93. Na tarehe 3 Desemba 1844, baada ya miaka 8, kanuni ya kuziba midomo ikafutwa, kwa hoja aliyoileta yeye.

Katikati ya hayo kuna kesi ya Amistad.

Mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende wa nchi tunayoiita leo Sierra Leone, walikuwa wamefungwa kwenye merikebu ndogo ya milingoti miwili, La Amistad, wakihamishwa kutoka Havana kwenda mashamba ya miwa huko huko Cuba. Mpishi wa chombo aliwafanyia ishara kwamba wakifika watachinjwa na kuliwa. Mmoja wao, Sengbe Pieh, akapata msumari, akafungulia kufuli ya mnyororo. Chini walikuta mapanga ya kukatia miwa. Wakakiteka chombo, wakawaacha hai Wahispania wawili waliowanunua, wakawaamuru waelekeze chombo jua linakotoka, maana walijua wameletwa wakilipa jua mgongo. Mchana wale Wahispania walikwenda mashariki. Usiku walikigeuza chombo kaskazini. Wakatangatanga hivyo karibu miezi miwili, mpaka meli ya serikali ya Marekani ikawakamata karibu na Long Island, wakatiwa gerezani New Haven.

Hakuna aliyejua lugha yao. Mwalimu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Yale, Josiah Gibbs, akaenda gerezani akanyoosha kidole kimoja, wakamtajia moja, viwili, wakamtajia mbili, mpaka kumi. Kisha akaenda bandarini New York, akawa anapita magatini akihesabu kwa sauti kama mwendawazimu, mpaka baharia kijana wa meli ya Kiingereza, James Covey, akageuka. Alizaliwa nchi ya Wamende, akaibwa utotoni na kukombolewa baharini. Nikwambieni kichekesho: katika Kimende cha leo tatu ni “sawa”, na nne ni “nani”. Angekuwa anapita Forodhani akihesabu, sote tungemwitikia.

Rais wakati huo ni Martin Van Buren, na uchaguzi unakaribia, hataki kuwaudhi watu wa kusini. Januari 1840, kesi ya kuamua kama mateka ni mali ya Wahispania au ni watu huru ikiwa mahakamani, alikuwa ameshatuma meli ya kivita isubiri bandarini iwachukue mateka mara tu hukumu ikitoka, kabla hawajakata rufaa. Hukumu ikawa upande wao, meli ikaondoka tupu. Sasa shikeni tarehe. Februari mwaka huohuo, merikebu ya Sayyid Said, Sultana, iling'oa nanga hapa kwetu, na tarehe 30 Aprili ikatia New York, nahodha na mjumbe akiwa Ahmad bin Naaman, imebeba pembe, karafuu, kahawa, tende, na zawadi za Rais Van Buren wakiwemo farasi wawili. Mji ule ukamkirimu Ahmad bin Naaman miezi kadhaa, wakamchora picha na kilemba chake. Wamende walikuwa gerezani jimbo la jirani. Na ile merikani tuliyovaa, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, ilitoka Massachusetts, jimbo la Adams, lakini pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini. Nayasema haya nikiwa Unguja, mji uliokuwa na soko lake la watumwa, kwa hiyo sinyooshei mtu kidole.

Serikali ikakata rufaa Mahakama ya Juu. Watetezi wa Wamende wakamfuata Adams. Alikataa kwanza: miaka zaidi ya 30 hajasimama mbele ya mahakama hiyo, ana miaka 73, anaogopa kuwaharibia. Akiwa katika kujiandaa akapata barua ya mtoto mmoja wa gerezani, Kale, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza Kiingereza, akimwomba aiulize mahakama wamekosa nini. Tarehe 24 Februari 1841 akasimama, akazungumza zaidi ya saa nne. Usiku huo jaji mmoja akafa, kesi ikaahirishwa, akamalizia tarehe 1 Machi. Kwenye nguzo mle mahakamani Tangazo la Uhuru lilikuwa limetundikwa, akawaonyesha kwa mkono: sheria ya watu hawa ni ile pale. Majaji wengi walitoka kusini. Tarehe 9 Machi Jaji Story akasoma hukumu kwamba hawa ni watu huru waliotekwa nyara. Nauli ya kurudi serikali haikutoa. Walichangiwa na wasamaria. Waliosalia hai, 35, waliondoka Novemba 1841. Wengine walikuwa wamekwishafia njiani na gerezani.

Mengine sina muda nayo. Taasisi ya Smithsonian, ile yenye makumbusho mjini Washington, ilianza kwa urithi wa Mwingereza aliyeacha zaidi ya dola nusu milioni. Adams alipigana miaka mingi fedha hizo zisiliwe, mpaka 1846 ikaundwa.

Tarehe 21 Februari 1848 wabunge walikuwa wanapiga kura ya kuwashukuru maofisa wa vita vya Mexico, vita alivyovipinga. Akasema “hapana” kwa sauti. Muda mfupi baadaye akajaribu kusimama, akashika meza, jirani yake akamdaka. Wakamlaza chumba cha Spika, akafa humo siku mbili baadaye. Ukumbini mle alikuwepo mbunge mgeni kutoka Illinois, Abraham Lincoln.

Ukumbi ule sasa umejaa sanamu. Sakafuni pana kibao cha shaba mahali palipokuwa na meza yake. Waongozaji wa watalii husimama hapo, mtu akanong'ona upande wa pili na sauti ikasikika, kisha husimulia kwamba mzee Adams alikuwa akijifanya amelala kumbe anasikiliza siri za wapinzani. Hadithi tamu, ila mimi siiamini. Alikuwa na masikio ya kutosha kwa yale waliyokuwa wakimfokea usoni.

Ahsanteni. Naona mkono kule nyuma. Karibu bibi, maikrofoni inakuja.