Hushindani na Mbabe

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naona nyuso kadhaa ninazozijua, na wenye nyuso hizo wanajua nitakachosema, maana wamekisikia mara tatu au nne. Wanivumilie. Siku nitakapomsikia mtangazaji mmoja tu wa michezo akikisema kabla yangu, nitakaa nyumbani nipumzike.

Nianze na swali. Kwenye Gladiators, kile kipindi cha televisheni cha Uingereza ambacho raia wa kawaida wanakutana na wababe walioajiriwa, yule mshindani anayetoka uraiani, mwalimu, zimamoto, karani, anashindana na nani?

(Sauti kutoka ukumbini: “Na mbabe!”)

Haya. Dakika ya kwanza, na tumeshakosea. (Kicheko.)

Sitawaeleza kipindi kilivyo. Mmekiona, au mmeona vipande vyake. Nataka mtazame hesabu. Kila usiku wanaingia washindani wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Mwanamume anashindana na mwanamume mwenzake, mwanamke na mwanamke mwenzake. Basi. Wale wababe waliovaa nguo za kubana zinazometameta, wenye majina ya wanyama na ya hali ya hewa, Wolf, Rhino, Cobra, Lightning, hawana kombe la kugombea pale. Mbabe akikuangusha kwenye kila mchezo, na mwenzako akaangushwa vilevile, ninyi mko sare na mbabe amekwenda kuoga. Mbabe ni mlima. Wakimbiaji wawili wa mbio za nyika wakifika kwenye mlima, hakuna anayesema leo tunashindana na mlima. Mlima upo kwa wote wawili. Swali ni nani ataumaliza akiwa bado na pumzi.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na hapa nitakaa.

Mwisho wa yote ni Eliminator, mbio za vizuizi. Kila alama uliyokusanya tangu mwanzo inageuzwa kuwa muda: alama moja ni nusu sekunde ya kutangulia. Tuseme wewe una 24 na mwenzako ana 17. Tofauti ni saba, kwa hiyo unaachiwa sekunde tatu na nusu kabla yake. Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, sekunde tatu na nusu ni kitu gani? Tujaribu. Nyamazeni kidogo, msitikisike, nitawaambia zikiisha.

(Anatazama saa. Ukumbi kimya.)

Zimeisha. Mmeona? Kuna bwana pale alishaanza kukohoa. Sasa jiweke umesimama kwenye mstari, miguu inawaka kwa michezo iliyotangulia, unamwona mwenzako ameshapita kizuizi cha kwanza na wewe bado hujaruhusiwa kuinua kisigino. Sekunde tatu na nusu ni usiku mzima.

Ndiyo maana nasema aliyebuni ile nusu sekunde alikuwa na akili kuliko waliobuni taa, moshi na muziki. Angetoa ushindi kwa alama peke yake, mbio za mwisho zingekuwa pambo. Angezifuta alama kabla ya mbio, michezo yote ya mwanzo ingekuwa pambo. Nusu sekunde inaacha mlango wazi pande zote mbili. Aliyetangulia anaweza kuteleza, aliyebaki nyuma anaweza kumfikia, na hakuna jasho lililomwagika bure.

Chukua ule mchezo wa magongo. Mnasimama kila mtu juu ya kijukwaa chake, mikononi gongo lenye vichwa vilivyofunikwa sponji, mnachapana sekunde 30. Ukimwangusha mbabe unapata alama 10. Lakini zile sekunde zikiisha na bado umesimama, umechakaa, kofia imekaa upande, hujui mama yako anaitwa nani, unapata tano. Tano kwa kutoanguka! Ni sekunde mbili na nusu. Au Hang Tough, ule wa pete. Mnaning'inia mkielekeana, dakika moja. Ukivuka hadi jukwaa la upande wa pili ni 10. Ukiwa umetoka kwenye eneo la kwako, mbabe akakuzungushia miguu kiunoni, akakuning'inia na uzito wake wote, na dakika ikaisha vidole vyako bado viko kwenye pete, ni tano. Watazamaji wanapiga kelele “Pigana naye!” Upigane naye wa nini? Ngoja filimbi.

Hili nililijifunza kwa aibu, na mtaniruhusu niisimulie tena.

Miaka kadhaa nyuma niliombwa niandae shindano la namna hii kwa vijana niliokuwa nawafundisha. Nikatafuta wababe sita. Nikawachagua kwa ukubwa: warusha tufe, wachezaji wa raga, na kijana mmoja aliyelazimika kuingia mlangoni kwa ubavu. Nikaandika sheria nilizoziona safi kabisa: ukimshinda mbabe alama 10, usipomshinda sifuri. Mwanamume ni mwanamume, nikasema. Michezo mitatu, kisha mbio.

Mchezo wa kwanza: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Wa pili: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Katikati ya wa tatu fundi wa ubao wa alama akadhani chombo kimeharibika, akakichomoa kwenye umeme na kukiwasha tena. (Kicheko.) Mnacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya mgeni rasmi. Tulipofika kwenye mbio, kijana aliyening'inia kwenye kamba karibu dakika nzima, mishipa ya shingo imemsimama, alianza sawasawa na kijana aliyeanguka sekunde ya nne. Taabu yake yote haikumnunulia hata kupepesa jicho. Na yule aliyeanguka mapema alikuwa ameshapumzika vizuri! Akashinda. Bila shaka akashinda. Niliwaandalia vijana shindano ambalo njia bora ya kulishinda ilikuwa kuanguka haraka.

Mwaka uliofuata nikarudisha zile tano. Wababe walewale, kamba zilezile. Kulikuwa na binti mmoja mwembamba, hakuna aliyempa nafasi. Mbabe wa kike akamrukia, akamkamata kiunoni kwa miguu. Yule binti akafanya jambo ambalo umati mzima ulimzomea kwalo: hakufanya chochote. Alikibana kidevu kwenye mkono wake, akafumba macho, akapumua kwa pua. Nilikuwa karibu, niliona kucha zikigeuka nyeupe. Mbabe akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, akaanza hata kumsemesha. Kimya. Filimbi. Tano. Kwenye mbio akamtangulia mwenzake kwa hatua moja, moja tu, na sekunde mbili na nusu zilikuwa zake. Baadaye akaja kwangu amenuna. “Mwalimu, mbona sikumshinda mbabe hata mmoja?” Nikamwambia, hukuulizwa.

Najua pingamizi. Huwa linakuja kwa watu wenye elimu zao, wamekunja mikono: “Lakini yale ni maigizo, ni mieleka ya televisheni.” Bwana, kununa kwa Wolf kulikuwa maigizo, nakubali. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama 40 pale televisheni ya ITV ilipoanza kurusha kipindi mwezi Oktoba 1992 kutoka Birmingham, na alijua kazi yake ilikuwa kuchukiwa na watoto. Lakini tofautisha uso na saa. Kwenye mieleka ya televisheni mshindi amepangwa. Huku kilichopangwa ni tabia. Aliyeteleza ameteleza.

Na mtazame refa wao. Watu walimwona mzee wa Kiskoti mwenye shati la mistari myeusi na myeupe wakadhani ni kibonzo. John Anderson alikuwa kocha wa riadha hasa. Ndiye aliyemfundisha David Moorcroft, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 1982. Hukumweka mtu wa namna hiyo pale ili afumbe macho. Sauti yake wengi mnaikumbuka: mshindani, utaondoka kwa filimbi yangu ya kwanza, mbabe, utaondoka kwa filimbi yangu ya pili. Filimbi mbili! Kwenye ule mchezo wa kupanda ukuta, mshindani aliachiwa sekunde 10 nzima kabla ya mbabe kuanza kumfukuza. Wengine wanasema huo ni upendeleo. Ni kinyume chake. Bila filimbi ya pili hakuna mchezo, kuna mtu anayeshushwa ukutani kama nguo kwenye kamba. Filimbi ya kwanza inamfungulia raia wa kawaida. Ya pili inamfungulia simba.

Na msidhani jambo hili lilizaliwa studio. Mizizi yake iko Erie, Pennsylvania, kule Marekani, mapema miaka ya 1980, kwa mafundi wa vyuma vya ujenzi. Dann Carr, fundi wa kazi hiyohiyo, na rafiki yake Johnny Ferraro ndio waliokuwa na wazo. Watu waliozoea kutembea juu ya chuma kilicho angani walitaka kujua nani ana nguvu kuliko nani, kama vijana wanavyotaka popote pale. Televisheni ilikuja baadaye: American Gladiators ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1989, ikaenda hadi 1996. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani raia wa kawaida aliingizwa ili kuwapamba wababe. Wafanyakazi ndio waliotangulia. Wababe waliajiriwa.

Nimpitie Eunice Huthart, maana nikiondoka bila kumtaja nitaulizwa. Mwanamke wa Liverpool. Aliingia kipindi cha Uingereza kama mshindani tu, akawa bingwa mwaka 1994. Kisha akavuka mstari: akapewa jina, Blaze, akawa mbabe. Baadaye akaingia kwenye sinema kama mtu wa kuruka na kuanguka badala ya mwigizaji, miongoni mwao Angelina Jolie. Kila nikimtaja, watu husema: unaona, alikuwa mbabe tangu mwanzo. Hapana! Mnaisoma hadithi kutoka mkiani. Alipoingia alikuwa mtu anayehesabu alama kama wengine. Ungemweka kwenye shindano langu la kwanza, lile la sifuri nne, huenda usingelijua jina lake hadi leo.

(Mwenyekiti anaonyesha saa.)

Nimeona, mwenyekiti. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu majeraha, nitairuka. Niseme tu kwamba mbabe naye ana shingo: Jet, mbabe wa kike wa Uingereza aliyependwa sana, aliacha mwaka 1996 baada ya kuumia kwenye mchezo wa Pyramid. Nilikuwa pia na sehemu ya dawa za kutunisha misuli, na Nitro, mbabe wa Marekani, jina lake halisi Dan Clark, aliyekiri mwenyewe kwamba alizitumia. Siku nyingine.

Hili siliruki. BBC ilipokifufua kipindi Januari 2024, kule Sheffield, wababe walibadilika. Zamani wengi walikuwa watunisha misuli. Wazuri kwa kutazama, lakini mkimbize mita 100 akuombe maji. Sasa Nitro wa Uingereza ni Harry Aikines-Aryeetey, mkimbiaji wa mbio fupi wa kimataifa. Fire ni Montell Douglas, mwanamke wa kwanza wa Uingereza kushiriki Olimpiki za kiangazi na za baridi zote mbili. Fury, Jodie Ounsley, ni kiziwi na amecheza raga ya wachezaji saba kwa timu ya England. Hawa si watu wa kununa tu. Kwa hiyo pengo kati ya mbabe na raia limepanuka, na zile alama za kutoanguka zimepanda thamani. Lakini watangazaji wanafanya nini? Mshindani akimaliza dakika nzima bado anang'ang'ania, wanakwenda kumhoji mbabe! Wanamuuliza ana hasira kiasi gani! Na ubao uko palepale nyuma yao, unasema sekunde mbili na nusu, hakuna anayegeuka kuutazama.

Ule mkanda wa mwisho wa Eliminator nao, unaoupanda huku unarudi chini, nilitaka tuuzungumzie taratibu, kwa sababu pale ndipo niliona—

(Mwenyekiti anagonga meza.)

Haya, haya. Hiyo ni filimbi ya kwanza. Ya pili najua inamfungulia nani, na mlinzi wa mlango huu nimemwona mabega yake. Asanteni.

(Kicheko. Makofi.)